Mfalme Ameacha

Bi Msimu alimleta mwanawe Shamte kwa fundi kupimwa joho la kutawazwa kuwa jumbe wa mji. Zuwena alikuwa pembeni akishona vifungo, naye ndiye ambaye Shamte alikwisha kumpelekea posa.

"Jumbe haoi mtalaka," Bi Msimu akasema, bila kumtaja mtu. "Mwanangu keshachagua ujumbe."

Shamte akatazama sakafu. Fundi Kombo, kwa aibu, akajificha nyuma ya gazeti.

"Makubwa haya," akasema mara. "Mfalme wa Waingereza ameacha."

"Ameacha mke?"

"Mke hana, bibi. Ameacha ufalme. Amempenda mwanamke, wakubwa wakamkataza, eti ni mtalaka."

"Wewe Kombo, soma kilichoandikwa."

Akasoma tena, neno kwa neno. "Tena kaachana na waume wawili," akamalizia.

"Wawili," Bi Msimu akanong'ona, akakaa juu ya marobota ya vitambaa. Zuwena, aliyeachwa na mmoja tu, alijichoma sindano asisikie maumivu.

"Mama," Shamte akasema taratibu, "kumbe hata ufalme huachika."

Bi Msimu akanyoosha mkono amzibe mdomo. Mkono haukufika, ukabaki hewani, vidole vimetanuka.