Makumi Matano ya Rozari

Kwenye kumi la tatu, Emérence alisimama, akashika kiuno.

“Tupumzike kwanza.”

“Imebaki makumi mbili tu, mama,” alisema Larissa, akaendelea kutembea.

Nyumbani hawakuwa na saa. Muuguzi aliagiza nusu saa ya kutembea baada ya chakula, basi walipima kwa rozari: makumi matano, kutoka mlangoni hadi karibu na mto Tshopo na kurudi. Midomo ya Larissa ilisali. Moyo wake ulikuwa kimya, kama ulivyokuwa tangu mwaka jana, walipomzika mtoto wake wa kwanza. Kilo tano, na hakulia hata mara moja. Ni sukari, walimwambia. Hakuna aliyekuwa amempima.

Safari hii hakutaka kubahatisha kitu. Sukari aliiondoa kwenye chai. Fufu ilikuwa ngumi moja badala ya tatu, na sombe ya majani ya muhogo na samaki ndivyo vilivyojaza sahani. Wote nyumbani walikula hivyo hivyo, ili asiwepo wa kumtamanisha mwenzake. Hata baba yake, papa Télesphore, alikunywa chai yake bila kulalamika.

Kwenye kona, mama Bonheur alikuwa anakaanga mikate. Alimwita Emérence.

“Mama Larissa! Mutoto wako unamuua na njaa juu ya nini? Mwanamuke wa mimba anakula ya watu wawili! Akamate hata mukate moja, ya bure!”

“Aksanti, mama,” Larissa aliwahi kujibu kabla ya mama yake. “Sukari iko juu. Siku ya Ijumaa watapima tena. Kama haishuki, ni sindano kila siku.”

“Sukari gani? Ya mikate yangu mimi napima na ncha ya kidole!” Mama Bonheur alicheka, akamgeukia Emérence. “Bon, ukae naye vizuri. Siye wenye kuozesha watoto, kazi ya kuzaa tulishamaliza. Tunangoja wajukuu tu.”

Emérence alitazama chini. Walimaliza kumi la tano.

Ijumaa, kwenye kituo cha afya, muuguzi Kanyere alisoma kipimo mara mbili.

“Imeshuka,” alisema. “Hakuna sindano. Muendelee vile vile mpaka siku ya kuzaa.”

Larissa alingoja furaha. Haikuja. Alisikia tu feni ikizunguka, na mwanamke akikohoa nje kwenye benchi.

“Sasa tusikie moyo ya mutoto,” alisema Kanyere.

“Funga pazia vizuri,” Emérence alimwambia binti yake. Kisha akapanda kitandani mwenyewe, akafungua kitenge cha kwanza, cha pili, cha tatu, na tumbo la miezi saba likatokea.