Mtaa Uliokaa Matanga

Magari ya mji wetu hayana madereva, na mtaa usiotoa abiria siku tatu mfululizo hufutwa kwenye ramani yao. Hizo siku tatu nilizipendekeza mimi, nikiwa kazini ofisi ya mipango. Nilisema, ni watu gani hao wasiotoka siku tatu?

Kisha akafa baba mkwe wangu, Mzee Shomvi. Makaburi yako jirani, tukaenda kumzika kwa miguu. Mtaa mzima ulikaa matanga: wanaume chini ya turubai, wanawake ndani, hakuna aliyekwenda kazini. Matanga nimeyakaa tangu utotoni, na pale ofisini sikuyakumbuka.

Siku ya nne asubuhi, tukikunja majamvi, mama mkwe akaanguka. Nikapiga simu kuita gari la wagonjwa.

"Mtaa huo hauna wakazi," sauti ikajibu.

"Tupo watu mia mbili!"

"Mtaa huo hauna wakazi."

Tukambeba kwa godoro hadi barabara kuu. Gari la kwanza likasimama, likasoma kadi ya ukazi ya mama mkwe, yenye jina la mtaa wetu, likafunga mlango na kuondoka. La pili vilevile.

Mke wangu, Mwanahawa, alikuwa amekipakata kichwa cha mama yake. "Baba Zuhura, si kazi yako hii? Waambie tupo."

Nilikuwa nawaambia tangu asubuhi.

Adhuhuri tulimrudisha nyumbani amefunikwa khanga. Turubai lilikuwa bado halijashushwa. Wanawake wakaanza kutandika majamvi upya, na mimi sikuwa na uso wa kuwakataza.