Joka la Mkia wa Dhahabu

Zilibaki dakika nne saa sita mchana itimie. Baada ya hapo, mchezo wa simu wa kufuga viumbe usingeligawa tena joka la mkia wa dhahabu.

"Nisipokuwepo siku hiyo, Mama, nichukulie," Kidoti alikuwa amemwambia wodini.

"Utachukua mwenyewe."

Wakamzika wiki iliyofuata.

Sasa mama huyo, fundi cherehani, alisukuma kando gauni la mteja, akabonyeza simu ya binti yake. Haikuitika. Akakumbuka subana ya chuma ya kukinga sindano kidoleni, akaivua, akabonyeza tena.

Maandishi yakatokea: "Zizi limejaa. Mwachilie mmoja kwanza. Akishaondoka, harudi."

Akawapitia mmoja mmoja. Kidoti aliwaita viumbe wake kwa majina ya watu wa nyumbani: Baba, Bibi, Shangazi Mdomo. Kilichokuwa na masikio makubwa kiliitwa Mimi, yaani Kidoti mwenyewe. Kando yake alisimama Mama, mnene, mwenye nguvu kuliko wote. Mtoto alimlea miaka miwili.

Fundi akamchagua Mama.

"Una hakika?" simu ikauliza.

Kidole chake kilikuwa bado na alama ya subana.

"Nenda ukakae na Kidoti," akanong'ona, akabonyeza Ndiyo.