Machela ya Mheshimiwa

Walimtoa kitandani na mablanketi yake, wakamfunga kamba kwenye machela.

"Niacheni, jamani!" alilia Lemuel Pruitt. "Daktari wa kampuni kasema nikitikiswa tu, nimekwisha."

"Daktari wa kampuni!" Mzee Gwilym alitema mate. "Huyo hata maiti anaiandikia ni nzima, irudi kazini. Tulia, Mheshimiwa. Wewe ni wetu."

Alikuwa wao kweli. Alichimba nao makaa ya mawe tangu utotoni, akaongoza migomo, akavunjwa mbavu na walinzi wa kampuni, mpaka wakampeleka bunge la jimbo. Na mchana huo, Januari ile ya 1911, bunge lilikuwa linaamua kama kila mgodi ulazimishwe kuwa na mlango wa pili wa kutokea. Mgodi wao ulikuwa na mmoja. Uliposhika moto, wana wa Gwilym walibaki chini, wote. Sasa wabunge wamegawanyika nusu kwa nusu, inangojwa kura ya Pruitt.

Theluji ilikuwa imefunga reli. Wakakata mlima kwa miguu, watu wanne, makoti yao wamemfunika mgonjwa.

"Nirudisheni, nawaomba," alisema Pruitt. "Nitawaletea msiba."

"Msikieni!" alisema Stanko, yule Mslovenia, akihema. "Anakufa, na bado anatuhurumia sisi!"

Penye ukingo wa genge Stanko aliteleza. Angeweza kung'ang'ania mpini wa machela, lakini angemvuta na mgonjwa. Akauachia. Hawakusikia hata alipoangukia.

Gwilym alivua kofia, akaivaa tena.

"Tutamlilia jioni. Bebeni."

Pruitt alijifunika uso kwa blanketi.

Ukumbini watu walisimama kuwapisha. Wengine walipiga makofi, mama mmoja huko juu, kwenye roshani ya watazamaji, akalia kwa sauti. Gwilym alipiga magoti, akamwinua mgonjwa kichwa kwa vidole vilivyopasuka kwa baridi.

"Neno moja tu, Lem," alimnong'oneza. "Halafu tunakurudisha ukalale."

"Mheshimiwa Pruitt!" aliita karani.

Pruitt alijifungua kamba mwenyewe, akasimama wima bila kushikwa na mtu, na kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma kabisa akasema:

"Hapana."