Habari Aliyoiruka Riyama

Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, Riyama aliruka habari.

Ilikuwa ya tatu katika karatasi zake, baada ya bei ya mafuta na kabla ya mkutano wa mawaziri. Aliiona inakuja, akageuza ukurasa. Fundi mitambo nyuma ya kioo alinyanyua nyusi. Riyama hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkutano wa mawaziri, akaueleza kwa ile sauti iliyompatia jina Unguja nzima: taratibu, kama mtu anayemenya chungwa bila ganda kukatika.

Hiyo ndiyo kazi yake. Kila siku saa saba mchana, katika redio ndogo iliyoko ghorofani Mji Mkongwe, huzichukua habari za dunia zilizoandikwa kwa maneno makubwa, akazisema kwa maneno ya watu. Vikwazo ni nini. Kura ya turufu ni nini. Kwa nini vita vya watu wa mbali hupandisha bei ya unga sokoni Darajani. Wanawake wa mtaani kwake, Jang'ombe, husema hawajui kama dunia imeamka mpaka Riyama aseme.

Karatasi aliyoiruka aliikunja, akaitia mkobani. Ilikuwa na mistari minne tu. Meli ya mafuta iitwayo Sahiba imepigwa kombora katika Bahari ya Shamu, juzi. Mabaharia ishirini na mmoja wameokolewa, wamepelekwa Jibuti. Mmoja amekufa. Majina hayajatolewa.

Ndani ya Sahiba alikuwamo Suhail, mtoto wa pekee wa Bi Mwatima, jirani yake wa mlango kwa mlango. Bibi huyo wa Kitumbatu hakosi kipindi hata siku moja. Redio yake huiweka dirishani ili na wapitao wasikie. Riyama hakuweza kumuua mama wa watu kwa redio. Angekwenda mwenyewe, akae naye, amwambie uso kwa uso.

Akateremka ngazi.

Njiani alikumbuka Ramadhani iliyopita, Suhail alipokuja kufuturu kwao na kumshawishi mumewe, Junaid, waingie baharini pamoja. Riyama alichora ramani nyuma ya kalenda, akawaonesha ule mlango mwembamba wa bahari ambamo meli zote hupita zikibanana.

"Hapa ndipo watu wanapokufa kwa vita visivyokuwa vyao," aliwaambia.

Suhail alicheka. Junaid aliiangalia ramani muda mrefu, akasema, "Basi, nshafahamu." Wiki mbili baadaye akasafiri ng'ambo kwenda Salalah, kufanya kazi ya ghala bandarini. Nchi kavu. Kila Ijumaa alimletea mkewe ujumbe, mfupi, kwa kuwa mtandao wa huko mbovu. Kila alipokuwa akisoma habari za meli, Riyama aliiwaza ile nchi kavu, akamshukuru Mungu.

Mtaani kulikuwa na kimya kisicho cha saa ile. Redio za madukani zilikuwa zimezimwa. Muuza urojo, ambaye kila siku humdaka kwa maswali ya siasa, alijifanya anapekua bakuli zake. Khairiya, shoga yake wa tangu skuli, alikuwa amesimama pembeni mwa njia kama aliyekuwa akimvizia. Akamvua mkoba begani bila ya kuuliza.

"Umekula, shoga?"

"Nshakula. Kuna nini?"

"Twende kwa Bi Mwatima." Akamshika mkono, na hakumwachia tena.

Riyama akaelewa. Wameshajua.

Mlangoni kwa Bi Mwatima viatu vya kike vilikuwa vimerundikana, na ndani majamvi yametandikwa ukuta hadi ukuta. Hakuna aliyekuwa akilia. Alipoingia, wanawake walimtazama, kisha mmoja baada ya mmoja wakainamisha macho. Bi Mwatima alikuwa amekaa katikati, tasbihi mkononi, uso mkavu. Masikini, Riyama aliwaza, bado hajaambiwa. Hakuna aliyethubutu. Wananingoja mimi.

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae hapa, karibu yangu." Bibi alimngoja akae. "Leo nimekusikiliza mpaka mwisho. Meli hukuitaja."

 

"Nisameheni, mama. Sikutaka muisikie redioni."

Akaanza kueleza kama alivyozoea, jambo baada ya jambo. Kwamba meli imepigwa juzi. Kwamba mabaharia hawana kosa. Wanaogombana ni wengine kabisa. Kwamba waliookolewa wamepelekwa Jibuti, na huko kuna hospitali nzuri.

"Aliyefariki ni mmoja tu, na jina lake halijatajwa. Mmoja katika ishirini na wawili, mama. Tusimkatie tamaa Suhail."

Upande wa mlangoni mwanamke mmoja aliangua kilio, wenzake wakamziba mdomo kwa kanga. Khairiya aliukaza mkono wa Riyama mpaka ukauma.

Bi Mwatima aliiweka tasbihi chini. Akamvuta Riyama, akamlaza kichwa begani pake kama anavyolazwa mtoto.

"Suhail kanipigia simu leo asubuhi, kutoka hukohuko Jibuti," alisema. "Mzima. Huyo mmoja aliyefariki walikuwa wakilala naye chumba kimoja, na ni Suhail aliyemfumba macho. Junaid alimwapisha, mwanangu, asikwambie kama naye kapanda meli."