Kipande cha Nyumba ya Mawe

"Nyumba ile haiezekwi mpaka ichukue mtoto."

Saado alilisikia neno hilo mtoni, kwa Arbia muuza maziwa, na tangu siku hiyo likamganda kama kupe. Alilala nalo, akaamka nalo. Eti ilipoezekwa mara ya kwanza iwe kituo cha askari, zamani za vita vya Mtaliano, alikufa binti wa mpishi wao. Ilipogeuzwa ghala la mahindi, ikaezekwa tena, akafa mtoto mwingine. Na sasa mji mzima wa Rhamu ulikuwa umejifunga kibwebwe kuiezeka mara ya tatu.

Ilikuwa nyumba ya mawe kando ya mto Daua, kuta nene, paa limeanguka kitambo. Watu walitaka kuifufua iwe mahali pa kina mama kujifungulia. Wanaume walichanganya chokaa, wanawake walileta maji kwa punda, na hakuna aliyelipwa. Mzee Yahye, msimamizi wa kazi, alitoa ahadi moja tu: kila mama aliyeleta maji achague kipande kimoja katika vitu vya zamani vilivyofukuliwa humo.

"Nyumba ni ya wote," alisema. "Basi ikae katika kila boma."

Mmoja alichukua bawaba, mwingine ubao wa mlango. Saado hakuchukua kitu. Jicho lake lilikuwa kwa Anab, binti yake wa miaka kumi, aliyekimbilia kupaka chokaa kila akitoka madrasa. Ndiye aliyebaki. Kaka yake, Deeq, alichukuliwa na Daua mwaka wa mafuriko, na hata kiatu chake hakikurudi.

Ilipobaki siku moja paa lipandishwe, Saado alimwendea Yahye.

"Adeer, ami yangu, nakuomba, simamisheni kazi."

"Kwa maneno ya Arbia? Anayetia maji kwenye maziwa atashindwa kutia maji kwenye maneno?"

Wanaume wakacheka.

"Wallahi, mtoto ni mmoja tu! Ukuta ukianguka je?"

"Mwanangu, mwogope Mungu. Usiogope mawe."

Saado akatoka akijifuta macho kwa ncha ya shungi. Fundi Musyoka, Mkamba aliyekuja Rhamu na familia yake kwa kazi za ujenzi, akamfuata nje.

"Mama Anab, ukuta nimeupima mwenyewe. Hauanguki." Akaona haaminiwi. "Haya, hata kipande chako hujachukua. Shika hiki, tumekitoa leo chini ya sakafu. Nafikiri ni cha mizani ya ghala."

Kilikuwa chuma kizito, kirefu kama mkono hadi kiwiko. Musyoka akakigonga kwa nyundo. Ngo! Ngo!

"Umesikia? Siku hizi hakuna chuma kama hiki."

Saado alitaka kukataa. Lakini figa lake moja lilikuwa limepasuka, na ukingo wa Daua ni udongo mtupu, jiwe la maana huliokoti. Ubaya uko kwenye kuta, alijiambia, chuma kina kosa gani? Akakifunga kwa shuka, akakibeba mgongoni kama mtoto. Nyumbani alikisugua kwa majivu hata kichwa chake cha shaba kikametameta, Anab akawa anajitazama humo na kutoa ulimi.

Asubuhi ya paa Saado alipanga mafiga yake mawili na kile chuma, akainjika sufuria ya nyama ya ngamia ya wafanyakazi. Sufuria ikatulia tuli. Kisha akamshika Anab mabega.

"Leo huendi kule."

"Hooyo! Mama, wenzangu wote wako huko!"

"Hata wawe peponi. Kaa hapa ukoleze moto. Ngamia haivi kwa moto wa mchezo. Usibanduke jikoni mpaka nirudi. Apa!"

Mtoto akaapa huku analia. Saado hakutosheka na kiapo. Akafunga mlango wa ua kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani, akaenda kusimama kwenye Nyumba ya Mawe na kuwafukuza watoto wa wenzake kwa fimbo ya punda.

"Amerukwa na akili," wanawake walinong'ona.

Jua lilikuwa halijakaza bado makelele yalipotoka ndani. Watu wakamiminika nje. Waliokuwa wakichimba shimo la nguzo walikuwa wamekuta kitu. Kambi ya askari haiko mbali, na haukupita muda malori mawili yakafika, kamba zikavutwa, umati ukasukumwa hadi ng'ambo ya barabara.

"Si nilisema?" Arbia alimshika Saado mkono. "Si nilisema mimi?"

Saado alikaa chini vumbini, akalia kwa shukrani, kiganja juu ya ufunguo. Alhamdulillahi. Wa kwake yuko nyumbani. Nyumba hii leo haipati kitu kwake.

Afande mwanamke akapanda juu ya lori na kipaza sauti na karatasi.

"Ndugu zangu, tumekuta kombora la vita vya zamani, na bado lina uhai. Huenda yako mengine. Sikilizeni, na mkawaambie walio nyumbani. Ni chuma kizito, kirefu kama mkono hadi kiwiko, kichwa chake cha shaba. Ukikiona:

"Usikigonge.

"Usikibebe.

"Usikisugue."

Fundi Musyoka alikuwa akipasua umati kwa viwiko, akiita, "Mama Anab! Mama Anab!"

"Usikiweke karibu na moto."