Vidonge vya Mama Mkwe

"Moja, mbili, tatu... haya, meza!"

Ngazi alifumba macho, akatupa kidonge kooni na kukisukuma kwa glasi nzima ya maji, uso ameukunja utadhani kamezeshwa msumari. Ng'ambo ya meza mama mkwe wake hakuhitaji hata maji. Alikimung'unya chake taratibu, akimtazama mkwewe kwa huruma.

"Pole, baba," alisema. "Peke yangu nisingeweza."

Hiyo ilikuwa asubuhi ya arobaini na moja.

Ngazi alikuwa mzimamoto. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu pakiwaka moto, yeye ndiye wa kwanza kupanda. Ila mbele ya kidonge, shujaa huyo alikuwa mtoto wa kubembelezwa. Miaka minne ya miguu kuchemka ndani ya buti za mpira ilikuwa imemwachia fangasi kwenye kucha, nazo zikawa nene, za manjano, zikimeguka pembeni kama chaki iliyolowa. Daktari alikata kipande cha ukucha, akakipeleka maabara, kisha akamwambia kwamba dawa ya kupaka haitafika shinani. Atameza kidonge kimoja kila siku kwa wiki kumi na mbili, atapimwa damu kuona kama ini ni zima, na bia ataiweka kando.

Alianza mara mbili, na mara zote mbili aliacha kabla ya wiki ya pili kwisha, eti haoni mabadiliko.

"Kucha haijawahi kuua mtu," alimwambia mkewe, akafungua bia.

Haikumuua, ila ilimchechemesha. Mkuu wa kituo hakumung'unya maneno: mwezi wa tatu kuanzia hapo kutakuwa na mbio za majaribio, na atakayeshindwa atakaa chumba cha simu mpaka astaafu. Wazo la kupokea simu huku wenzake wakipanda ngazi lilimnyima Ngazi raha kabisa. Hata hivyo vidonge hakuvigusa. Mkewe alimsihi, akamnunia, akamsihi tena. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ndipo mama mkwe akaja kukaa nao, soksi nene miguuni, akitembea kwa kushika kuta. Asubuhi ya pili, wakiwa mezani, machozi yalimlenga. Akasema naye ana ugonjwa huohuo. Damu keshapimwa huko kwake na dawa anayo, lakini kila akiitazama anairudisha mkobani.

"Labda ningepata wa kumeza naye," alisema, akipangusa jicho. "Na wewe si unazo zako, baba?"

Mtu aliyezoea kuingia kwenye moshi kumtoa asiyemjua, angemwachaje mama aliyemzalia mke? Siku hiyohiyo Ngazi alikwenda kupimwa damu, akarudi na pakiti mpya mkononi.

"Usiogope, mama. Mimi nitakuvusha. Wewe nifuate tu."

Tangu hapo hakulala kwenye kazi hiyo. Alimnunulia mama taulo lake la miguu na kumkumbusha akaushe katikati ya vidole kila akitoka kuoga. Buti zake mwenyewe alianza kuzianika juani na kuzitia poda, ili mama aone mfano. Bia aliacha, kwani angemwambiaje mama wa watu atunze ini, naye ananuka pombe? Wiki ya sita alikwenda kupimwa tena bila kusukumwa. Mkewe, siku hizo, alikuwa akipaliwa na chai mara kwa mara. Ngazi alimshauri anywe polepole.

Jambo moja tu hakuthubutu, nalo ni kuomba kuziona hizo kucha za mama. Mkwe ni mkwe, miguu yake haikaguliwi kama tairi la gari. Aliuliza tu, macho kayaelekeza kwenye bakuli la sukari:

"Huko chini kunaendeleaje, mama?"

"Tunakwenda, baba. Na zako?"

"Zangu zimeanza kuota safi kutoka shinani," alisema, na furaha ikamtoka usoni bila ruhusa yake.

Siku ya mbio, buti hazikumbana. Hakuwa wa kwanza, wala hakuwa wa mwisho, na chumba cha simu kikapewa mtu mwingine. Lakini wenzake walipomzunguka kumpongeza, alichojisifia hakikuwa mbio.

"Yule mama bila mimi angeshakata tamaa," aliwaambia. "Watu wengine, bwana, mpaka uwashike mkono."

Asubuhi ya mwisho begi la mama mkwe lilikuwa limefungwa, liko mlangoni. Soksi zake zilikuwa bado kambani, hazijakauka. Walikaa mezani watatu, Ngazi na vidole vitatu juu.

"Moja, mbili..."

Kidonge kilimponyoka mama mkwe, kikagonga kisahani, kikabingirika chini ya meza.

"Kiache, baba!"

"Kiache!" alidakia mkewe.

"Siku ya mwisho, nikiache?" Ngazi alikuwa amekwisha piga magoti. Watu wazima amewatoa chini ya vitanda vinavyowaka, kidonge ndicho kimshinde?

Alitambaa kwa heshima zote, uso kauinamisha, akipapasa sakafu. Vidole vyake vilikigusa, akakileta karibu na pua. Kilinukia peremende. Akainua macho, na mbele yake, juu ya kandambili, zilikuwapo kucha kumi nyembamba, laini, zimepakwa rangi nyekundu.